Hakimu Ngiri Kisimani

Wanyama walipochoka kuinamia visima, Panya Buku aliunda mashine ya kuteka maji, akaomba itambuliwe kuwa ubunifu wake. Kesi ikaenda kwa Hakimu Ngiri, aliyejua kila kitu akishaonyeshwa.

Desturi ilimtaka hakimu ajaribu mwenyewe. Ngiri akajipakia ndani ya ndoo ya mashine hiyo, akateremshwa kwenye kisima kikavu. Hakuwa na subira ya kupandishwa. Akahukumu akiwa huko huko chini.

"Gurudumu tunalijua. Kamba tunaijua. Ndoo tunaijua. Kuviunganisha, hata mjinga angeweza! Ombi limekataliwa."

"Nimesikia, mheshimiwa," alisema Panya Buku kwa adabu. Akafungua gurudumu na kamba, akamtupia. "Ndoo unayo. Unganisha, upande."

Mpaka leo kisima kile kinanguruma: "Lakini ni rahisi mno!"