Ngiri na Wanaokula Bure

Sikilizeni ya Ngiri, ambaye hakupenda kumwona mtu anakula bila kufanya kazi. Alitumia akiba yake yote kununua shamba la Kiboko, lenye ng'ombe sita wa maziwa na ndama wao, na bustani ya michungwa yenye mizinga ya nyuki. Siku ya kwanza tu akapiga kelele:

"Ndama wanakunywa maziwa yangu, nyuki wananyonya maua yangu! Wote waondoke!"

Jirani yake, Bi Nungunungu, akauliza kwa upole, "Basi niwachukue mimi?"

"Wachukue bure, wasinitie hasara!"

Kesho yake Ngiri alichutama na ndoo. Ng'ombe walitazama huku na huku, hawakuona ndama wa kuwanyonya kwanza, wakabana maziwa. Kila siku ikawa hivyo. Maua ya michungwa nayo, bila nyuki wa kuyachavusha, yakapukutika bila kuacha hata tunda moja.

Wiki mbili baadaye Ngiri alibisha hodi kwa jirani, amekonda.

"Bi Nungunungu, nakuomba, niuzie wale ndama na nyuki. Taja bei yoyote."

Nungunungu alimpa kiti, akamwekea chai ya asali.

"Wale siwauzi, jirani. Hebu niambie wewe, shamba unauza bei gani?"