Boti Imenyooka

Boti ya kwanza ya rimoti aliyoiunda Kwandu haikulalia tena upande. Ilikata maji pale Lamadi ikiwa imenyooka kabisa.

Baba yake alikuwa anatoka ziwani, wavu mtupu begani.

"Vyuma vya kuuzamisha vimedondoka, mayu, mwanangu. Wavu umeelea tu usiku kucha. Nimezeeka, hata fundo silifungi likakaza."

Kwandu aliutazama ukingo wa wavu, pale alipopitisha wembe jana. Alidhani vyuma vichache havitamsumbua mtu.

Baba akaiona boti. Uso ukamchangamka.

"Kumbe umeiweza! Umeituliza na nini humo ndani? Ilete nione."

Kwandu alisukuma kidude cha rimoti mbele. Boti ikakimbilia kilindini, imenyooka vizuri, mpaka rimoti haikuipata tena.