Bodi Iliyokufa

"Dada, kompyuta yako inakataliwa kwa sababu mfumo wa mtandaoni wa kampuni bado unaijua bodi ya zamani, ile sakiti kuu ya ndani," alisema fundi wa kompyuta. "Nikiifuta ile na kuisajili hii mpya, dakika tano tu unarudi kazini."

Mwenye kompyuta, katibu wa chama cha wafanyakazi, hakukaa. Kompyuta ilizimika siku mbili baada ya yeye kuweka humo majina ya wenzake arobaini waliokubali kugoma. Meneja, ambaye hata kiti kibovu alikiacha mwaka mzima bila kukitengeneza, safari hii aliagiza bodi mpya siku hiyohiyo. Huruma hiyo ilimtia shaka.

"Na mafaili yangu?"

"Hizi kompyuta nyembamba, mafaili yamo kwenye bodi yenyewe. Ikifa, yamekufa nayo. Watu wa meneja waliniambia imeungua, wakaichukua wenyewe kwenda kuitupa."

Katibu aliinama karibu na kioo cha kompyuta. Palikuwa na mistari miwili, yote ina jina lake: wa bodi ya zamani, na wa mpya inayosubiri kusajiliwa. Mbele ya ule wa zamani iliwaka nukta ya kijani.

"Fundi, hicho kijani ni nini?"

"Maana yake ime..." Fundi akasogea karibu. "Imeingia kwenye mfumo leo asubuhi. Saa tatu na dakika kumi."

"Maiti imeamka ikaja kazini?"

Fundi hakucheka. "Iko kwenye mtandao wa ghorofa ya mameneja. Dada, mimi nimeagizwa nifute tu."

Kidole chake kilishafika kwenye kitufe cha kufuta. Katibu akaushika mkono ule, akauweka mezani taratibu, akatoa simu na kuielekeza kamera kwenye kioo.

"Soma kwa sauti," alisema. "Anzia kwenye saa."