Marahaba Nyingi Mno

Mashine ilimnyamazisha mkunga asubuhi moja, kwa kosa la kuitikia salamu.

Baraza lile la mtandaoni, la wajawazito na waliojifungua karibuni, liliendeshwa kwa pointi. Jibu likisifiwa, mwandishi wake anapanda. Akirudiarudia ujumbe uleule, anashuka. Akifika chini ya sifuri, haandiki tena. Fundi aliyeusuka mfumo huo alitaka kuwakomesha wachuuzi wa matangazo. Hakumfikiria mkunga mstaafu, ambaye kila aliyeingia barazani alimwamkia, naye kwa adabu akamwitikia kila mmoja: marahaba. Marahaba. Marahaba. Kadiri alivyoheshimiwa, ndivyo alivyoporomoka.

"Lakini tuliupima," fundi alisema siku chache baadaye. Alikuwa amerudi ofisini kabla siku zake za ruhusa hazijaisha, ndevu hazijanyolewa.

"Tuliupima kwa majina ya kubuni," alijibu msimamizi wa baraza. Ofisi nzima ilimwita Shangazi Kanuni, ingawa leo hakuna aliyetania. "Majina ya kubuni hayaamkiani."

Akamsogezea kikombe cha chai. "Nenda nyumbani, kaka. Hiyo kanuni nitaifuta mimi."

"Nifungulie ile mada."

Alisita, kisha akaifungua. Mama aliyejiita Tumbo Joto alikuwa ameuliza: kichwa kinamgonga, uso umevimba, anaona vimulimuli, je, asubiri kliniki ya wiki ijayo? Jibu lililozoa pointi nyingi kuliko yote, na kwa hiyo likapandishwa juu kabisa na kupewa nyota, lilisema hayo ni mambo ya kawaida, apumzike, alalie ubavu wa kushoto. Aliyeliandika aliuza nguo za watoto. Alikuwa mcheshi, watu walimpenda.

Alasiri, fundi alibisha hodi kwa mkunga, aliyekuwa amepigiwa simu na ofisi kwamba anakuja. Alimkuta sebuleni, miwani imepandishwa kwenye paji la uso, simu mapajani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Au na hapa nitakatwa pointi?"

Fundi hakucheka. Alijitambulisha, akaeleza kanuni yake mwanzo hadi mwisho bila kujitetea, akaomba radhi.

"Ile mada niliiona," mkunga alisema. "Nikaandika: nenda hospitali sasa hivi, hizo ni dalili za kifafa cha mimba. Kila nikituma, naambiwa pointi hazitoshi. Nikampigia binti yangu aniandikie kwa jina lake. Mpaka tunafanikiwa, mwenyewe haonekani tena. Ningejua anakaa wapi, ningekwenda kwa miguu."

"Alifariki usiku uleule, kabla hakujapambazuka."

"Nilisikia." Mkunga aliivua miwani, akaiweka kando. "Sikiliza, mwanangu. Wewe kosa lako ni la salamu tu, usijitwishe mzigo wa watu wengine. Wenzake wa nyumbani je? Ina maana mumewe hakuuona uso wa mkewe?"

"Aliuona."

"Akasema nini?"

Fundi aliinamisha kichwa.

"Mke wangu alinionyesha lile jibu la juu," alisema. "Nikamwambia alifuate. Pointi za baraza letu hazidanganyi."