Nafasi Moja ya Desemba

Jepleting aliitambua gemu ya Thuo kabla lori la kwanza halijamaliza kona.

Nani mwingine angetengeneza gemu ya malori yanayoteremka mteremko mkali wa Mai Mahiu? Thuo alizaliwa huko. Baba yake aliendesha lori miaka mingi, na ofisi nzima ilikuwa imechoka kusikia habari za breki na mizigo. Isipokuwa Rahab, mkurugenzi. Rahab hakuchoka na chochote cha Thuo.

Jepleting na Thuo waliajiriwa siku moja na kampuni moja ya Nakuru inayotoa gemu za simu. Wote wawili walikuwa mameneja, kila mmoja na timu yake. Lakini Thuo ndiye aliyepewa meza ya dirishani, inayotazama mlima Menengai. Chai ikiletwa, kikombe cha kwanza kilikuwa chake. Akitoa mzaha, Rahab alicheka mpaka akashika ukuta. Jepleting akirudia mzaha uleule, watu waliangalia simu zao.

Sasa ratiba ilikuwa na nafasi moja tu ya Desemba, wakati watoto wako nyumbani na simu za wazazi. Gemu moja ingetoka. Nyingine ingefutwa, na timu yake ingepoteza kazi.

"Nimeondoa majina," Rahab alisema, akiweka simu mbili mezani mbele ya mameneja, viongozi wa timu na mhasibu. "Najua kila meneja ataijua yake. Hiyo ni sawa. Lakini mtacheza zote, na mseme ukweli hata kuhusu ya mwenzako. Kila mtu aandike alama kati ya kumi, na jina lake chini."

Kwenye simu ya pili kulikuwa na shamba la viazi, ukungu na ng'ombe wawili. Jepleting akatabasamu. Mwanzoni mwa mwaka aliidhinisha gemu ya shamba la Molo, na tangu hapo timu yake haikuchelewesha tarehe hata moja. Kuicheza aliwaachia vijana. Kila Jumatatu Kibii, kiongozi wa timu hiyo, alisimama mlangoni pake.

"Madam, kuja uone basi. Tumebadilisha vitu mingi."

"Mtachelewa?"

"Hapana, lakini..."

"Basi endeleeni, Kibii. Mimi nataka tarehe."

Thuo naye alikuwa akiketi sakafuni na timu yake, akicheza na kupiga kelele kama mtoto. Meneja mzima.

Jepleting akarudi kwa yale malori. Shida ni kwamba yalikuwa matamu. Lori liliposhika mteremko, aliinama nalo kwenye kona. Mzigo ulipomwagika, kidole chake kilianza upya chenyewe, mara tatu. Hilo ndilo lililomchoma. Hata kipaji alipewa Thuo.

Akaandika mbili.

"Hii ya malori itatuaibisha," alisema kwa sauti, kabla wengine hawajamaliza kuandika. "Ni ya polepole. Mtoto ataifuta kabla hajafika chini. Halafu si kila stori ya nyumbani kwa mtu ni gemu."

Kibii, aliyekuwa ameketi karibu na mlango, alimtazama kama mtu aliyepigwa kofi.

"Jepleting," Thuo akasema polepole, "una uhakika?"

"Imekuuma, eh? Si tuliambiwa tuseme ukweli?"

Thuo akafungua mdomo. Rahab akainua mkono. "Wacha, Thuo. Kila mtu na maoni yake."

Mhasibu, ambaye hakuwahi kucheza gemu yoyote maishani, alisikiliza yote hayo, akakata alama yake ya malori na kuandika nyingine ya chini.

Rahab akakusanya karatasi na kujumlisha. Akajumlisha tena.

"Shamba limeshinda," alisema. "Kwa alama moja."

Jepleting alikuwa tayari amesimama. Alimnyooshea Thuo mkono kupitia juu ya meza.

"Pole, boss. Ndiyo kazi."

Thuo aliutazama ule mkono, akauacha hewani.

"Hongera, Thuo," Rahab akasema. "Shamba waliloliacha umelifikisha mbali." Kisha akamgeukia kijana aliyekuwa mlangoni. "Kibii, pole sana. Malori yenu yamepata alama ya kumi mara moja tu, na ni Thuo aliyewapa."