Hoja Aliyoiacha Gosbert

Honi ililia mara mbili, nzito, ikatikisa kioo cha dirisha kabla mtu yeyote chumbani hajageuka kutazama bandari.

"Zinaniita hizo," alisema Ephraim.

Alikuwa amevaa suruali mbili na sweta tatu. Mkobani alikuwa na biskuti, glukosi na chupa za maji. Ndivyo wanavyofungasha vijana wa Kitanzania pale Point, mtaa wa bandarini huku kusini mwa Afrika, wanapokwenda kuzamia meli. Wengine hufika. Wengine hukutwa wamekosa hewa ndani ya matumbo ya meli. Wengine hawakutwi kabisa.

Gosbert, kaka yake, aliyajua hayo kuliko wengi, maana kibarua chake kilikuwa kusafisha matumbo hayo hayo. Kwa wiki nzima alimsihi mdogo wake asiende. Ephraim hakusikia. Waandamanaji wanaopinga wageni walikuwa wamepindua meza yake ya kuuzia mikanda pale sokoni Warwick na kumwambia arudi kwao, naye akaapa mbele ya watu kwamba harudi nyuma, anasonga mbele.

Basi mchana huo Gosbert aliacha kusihi. Lililobaki lilikuwa moja: apande ipi?

Chini ya dirisha zilikuwa zimefunga gatini meli mbili za mizigo, ya Mchina na ya Mjapani. Zote mbili, kwa maneno ya Gosbert, zingeng'oa nanga jioni ile na kupita Aden, kwenye maharamia. Ephraim naye aliamini hivi: nahodha ambaye nchi yake ina manowari za kumlinda haogopi, na nahodha asiyeogopa hamtupi mzamiaji baharini.

Ubishi wenyewe ulikuwa wa zamani. Kwao Bukoba baba yao alikuwa na kitabu kimoja cha manowari, wakagawana tangu utotoni: Gosbert Japani, Ephraim China. Tangu hapo hakuna aliyewahi kumkubalia mwenzake, hata kwa bahati mbaya.

"Hesabu mwenyewe, kaka," alisema Ephraim. "Leo Mchina ana manowari zaidi ya mia tatu. Hakuna jeshi la majini duniani lenye nyingi kama hizo. Meli za kubeba ndege anazo tatu. Huyo Mjapani wako hata nusu hafikishi!"

"Ana nyambizi zisizosikika."

"Basi huyo mzamiaji mwenzangu."

"Ana kituo Djibouti."

"Na Mchina anacho hapo hapo Djibouti! Eish, kaka, umezeeka. Zamani ulikuwa unanitoa jasho."

Scola, mke wa Gosbert, alikuwa anapiga pasi sare ya mtoto wao, Lulu. Hakuinua uso. "Baba Lulu, mwache ashinde."

"Simwachii!" Gosbert alipiga meza. "Mjapani ni bora. Ni bora kwa sababu... ni bora tu. Hata magari yake hayaharibiki."

Ephraim alicheka mpaka akakaa kitandani. "Magari! Mimi naongea vita, wewe unanipeleka gereji! Shemeji, unamsikia mumeo?"

"Namsikia," alisema Scola.

Gosbert alijifuta paji la uso.

Kicheko cha Ephraim kikaisha taratibu. Alisogea dirishani, akazitazama zile meli mbili kwa muda.

"Lakini kaka, mbona umeacha hoja yako kubwa? Mwaka elfu moja mia nane tisini na nne. Mchina alikuwa na manowari mbili za chuma, kubwa kuliko yoyote ya Mjapani. Wakakutana karibu na Mto Yalu. Mchina akapoteza tano, Mjapani hakuzamishiwa hata moja. Ulikuwa unanisomea ukurasa ule mpaka nalia."

"Hayo ya zamani," alisema Gosbert haraka. "Yameisha."

"Na Tsushima je? Mrusi akazunguka Afrika, akapita bahari hii hii tunayoiona, akaenda kuzamishwa na Mjapani yule yule mdogo." Ephraim alitikisa kichwa. "Siku zote nimekuwa nahesabu vyuma. Vyuma vya Mchina ni vingi, ndiyo, lakini wa leo hajapigana vita kubwa ya baharini. Nani anajua atafanya nini siku ya moto?"

"Ephraim..."

"Ngoja nimalize, maana sitayasema tena." Alivaa mkoba mgongoni. "Umenishinda, kaka. Mara ya kwanza tangu tuzaliwe. Napanda ya Mjapani."

Pasi ya Scola ilisimama juu ya sare. Kitambaa kikaanza kunuka moshi.

"Subiri," alisema Gosbert. "Mchina ana zaidi ya mia tatu. Zaidi ya mia tatu, Ephraim! Ana tatu za kubeba ndege. Hakuna jeshi lolote duniani..."

"Acha kunionea huruma. Nimekubali kiume." Ephraim alimkumbatia kwa nguvu, akamwegemezea kidevu begani kama alivyokuwa akifanya utotoni.

Juu ya bega la mdogo wake, Gosbert aliitazama meli ya Mchina. Haikuwa inakwenda Aden. Haikuwa inakwenda popote. Jioni ile ingevutwa hadi chelezoni, ng'ambo ya pili ya bandari, ikakae mwezi mzima ikipakwa rangi, na Gosbert mwenyewe angekuwa wa kwanza kufungua tumbo lake asubuhi na kumkuta humo mdogo wake, mzima.

Ephraim alimwachia, akafungua mlango.

"Nikifika, mtu wa kwanza kumpigia simu ni mama," alisema. "Nakuahidi, kaka. Nitamwambia ni wewe uliyenichagulia meli."