Gumba Kwenye Kigae

Haya alinihadithia Tumu wa Chaani mwenyewe, mwaka ule bendera ya Mwingereza iliposhushwa.

Alikuwa amekaa eda. Mumewe, fundi wa vigae, alikuwa amekufa juzi. Mafundi wale kila mmoja hubonyeza gumba pembeni mwa kigae chake, basi Tumu akaagiza kiwandani aletewe kimoja tu cha marehemu.

Akakileta mchoraji, kijana aliyealikwa kukaa pale kiwandani apambe vigae. Akabisha hodi, akapitisha mkono penye pazia.

"Ndicho chake, mama. Kipokee."

Tumu akakitazama. Gumba la mumewe lilikuwa na kovu, mashine ililikata zamani. Hili lilikuwa zima, na udongo wake bado majimaji.

Akamkumbuka marehemu akinung'unika: "Huyu mgeni wetu anatufutia alama, ati apate pa kuchora!"

Kumbe vyake vyote vimefutwa alama.

Mkono ulikuwa ungali penye pazia, gumba limejaa udongo mwekundu.

"Sicho, mama?"

"Ndicho, mwanangu. Mola akuzidishie."

Viatu vilipoondoka, akakilaza kigae mahali pa mumewe kitandani, akakipa mgongo, akalala.